Kibubu cha Januari na nambari 2,147,483,647

Tuseme Januari 1 umetia shilingi moja kwenye kibubu. Kesho yake unatia mbili, tarehe 3 unatia nne, kila siku maradufu ya jana. Wiki ya kwanza haiumi: siku ya saba unatoa shilingi 64, nauli ya matatu. Tarehe 21 unatakiwa kutoa 1,048,576, na hapo wengi wetu Nairobi tungezima simu. Atakayestahimili hadi tarehe 31 atakuta kibubuni jumla ya shilingi 2,147,483,647.

Nambari hiyo, yaani mbili kwa kipeo cha 31 kasoro moja, ni tasa: haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Kulithibitisha hilo kwa mkono si mchezo. Inabidi ujaribu kuigawa kwa kila nambari tasa hadi kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushei, na nambari tasa zilizo chini ya hapo zinapita 4,700. Mwanahisabati Leonhard Euler, ambaye macho yake yalikuwa karibu kuzimika kabisa, alipata njia ya mkato. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha nambari hii, kikiwepo, lazima kigawanywe kwa 248 kibakishe 1 au 63. Zikabaki nambari 372 tu za kuchunguza. Hakuna hata moja iliyoigawa, na mwaka 1772 matokeo yakatangazwa. Mimi hufundisha hesabu hii kila mwaka na bado hunisisimua.

Tangu enzi za Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ilijulikana pia kwamba nambari tasa ya aina hii huzaa nambari kamilifu, ambayo ni sawa na jumla ya vigawo vyake vidogo, kama 6 ilivyo 1+2+3. Hii yetu huzaa 2,305,843,008,139,952,128.

Sasa turudi kwenye kibubu, kwa sababu kompyuta huhesabu vivyo hivyo. Nambari ya biti 32, yaani nafasi 32 za kuandika 0 au 1, huacha biti moja kwa ajili ya alama ya kujumlisha au kutoa. Zinabaki 31, kila moja ikiwa na thamani maradufu ya jirani yake, kama siku za Januari. Zote zikijaa, umefika 2,147,483,647. Ongeza moja, na mara nyingi jibu huruka hadi −2,147,483,648. Chama kinachotunza hesabu zake kwa senti katika programu ya namna hiyo kitagonga ukuta kwenye shilingi 21,474,836.47.

Watu huuliza kama waundaji wa kompyuta walichagua nambari tasa makusudi. La, ilitokea tu. Kikomo cha biti 64, mbili kwa kipeo cha 63 kasoro moja, kinagawanyika kwa 7. Ili nambari ya aina hii iwe tasa, kipeo chenyewe lazima kiwe tasa, na 63 si tasa. Hata hivyo hiyo haitoshi, maana 11 ni tasa ilhali mbili kwa kipeo cha 11 kasoro moja, yaani 2,047, ni 23 mara 89.

Mifumo mingi ya zamani huhesabu muda kwa sekunde tangu mwanzo wa 1970, kwa biti hizo hizo 32. Kwa saa za Nairobi, zitajaa Jumanne Januari 19, 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi. Sekunde inayofuata, hesabu itaruka hadi upande wa kutoa, nyuma ya 1970, na mfumo usiorekebishwa utasoma Desemba 1901, mwezi ambao reli ilikuwa ndiyo kwanza inafika Kisumu. Na benki inayoandika leo mkopo wa nyumba wa miaka 20 tayari inapanga malipo ya baada ya asubuhi hiyo.