Je, wajua kwa nini ganzi huondoa maumivu lakini koleo unalisikia?

Wengi wakitoka kung'olewa jino husema neno moja: "Nilisikia kila kitu." Mwulize huyo huyo kama aliumia, atafikiri kidogo, kisha akuambie hapana, hakuumia, ila alisikia linasukumwa na kitu kinapasuka kichwani. Aliyekaa nje kwenye benchi akingoja zamu yake anabaki na lile la kwanza tu. Anarudi nyumbani Newala au Ruangwa na jino lake bovu mdomoni, na hofu imeongezeka.

Kwa nini basi mtu asikie kusukumwa na asisikie maumivu? Dawa ya ganzi inayotumika zaidi ni lidokaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na mkemia Nils Löfgren. Mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo kwa kufungua vijilango vidogo vinavyoingiza madini ya sodiamu, na lidokaini huvifunga. Lakini nyuzi za fahamu hazilingani. Zile nyembamba zinazobeba maumivu makali hunyamazishwa mapema, na zile nene zinazobeba habari ya mguso na mgandamizo hustahimili zaidi. Kwa hiyo ukisikia uzito, kusukumwa, hata taya kuyumba, ganzi inafanya kazi yake. Ukisikia kitu kikali kinachochoma, hiyo ni habari nyingine, na daktari anatakiwa kuijua wakati huo huo ili aongeze dawa.

Msukumo wenyewe ni mkubwa kwa sababu jino halivutwi tu likatoka. Mzizi umeshikwa ndani ya mfupa na nyuzi ndogo nyingi, na kazi ya daktari ni kuusukuma huku na huku mpaka shimo lipanuke na nyuzi zikatike. Kuvuta ni sehemu ya mwisho na fupi kabisa. Ule mlio wa kupasuka nao hukufikia masikioni kupitia mfupa wa taya, ndiyo maana kwako ni mkubwa sana na aliyesimama pembeni anausikia kwa mbali au hausikii kabisa. Anayejua haya kabla ya kukaa kwenye kiti anakaa akiwa mtu mwingine.

Lipo jambo la pili, na hili ndilo linalonisikitisha kuliko yote. Ganzi ina adui, naye ni usaha. Jino likishafanya jipu, nyama inayolizunguka huwa na asidi nyingi, na katika hali hiyo ni kiasi kidogo tu cha dawa kinachoweza kupenya ndani ya mshipa wa fahamu. Kwa hiyo aliyeogopa akangoja mpaka shavu limevimba anaweza kweli kuumia pale ambapo jirani yake aliyewahi hakuumia. Halafu anasimulia, na ushuhuda wake ni wa kweli, na wanaomsikiliza nao wanaamua kungoja. Hofu huzaa kuchelewa, kuchelewa huzaa maumivu, maumivu huzaa hofu ya watu wengine.

Huku kusini mwa Tanzania kuchelewa huko kuna kalenda yake. Jino linaanza kuuma wakati wa kusafisha mashamba, mtu anajisemea atakwenda baada ya mnada wa korosho, pesa ikiingia. Katikati hapo anapita duka la dawa, anapewa vidonge vya kuua vijidudu, uvimbe unashuka, anaona amepona. Hajapona. Vidonge hupunguza maambukizi yaliyosambaa, lakini chanzo bado kimo ndani ya jino na kitaamka tena. Na tafadhali, kile kidonge cha aspirini kinachosagwa na kubandikwa juu ya fizi huiunguza nyama. Aspirini ni ya kumezwa.

Ukifika hospitali, iwe ya rufaa ya Ligula pale Mtwara, Sokoine kule Lindi, au ya wilaya yako, kitu cha kwanza cha kusema baada ya salamu ni: "Daktari, mimi naogopa." Si aibu. Daktari akijua, atakwenda taratibu, atakueleza kila hatua kabla ya kuifanya, na mtaelewana ishara. Mkono wa kushoto ukiinuka, anasimama. Ishara hiyo peke yake hutuliza watu wengi, kwa sababu kinachotisha zaidi kwenye kile kiti ni kulala mdomo wazi huku huwezi kusema. Mweleze pia dawa unazotumia, hasa za presha, kisukari, na zile za kufanya damu isigande, na kama una ujauzito. Usiziache dawa zako mwenyewe kwa kudhani ndivyo inavyotakiwa.

Kula kabla ya kwenda. Wapo wanaofika na njaa tangu jana yake wakidhani ni kama operesheni ya kulazwa usingizi. Kwa ganzi ya sindano, tumbo tupu likikutana na hofu ndipo mtu anazimia. Kama una historia ya kuzimia ukiona sindano, kaza misuli ya mapaja na mikono kwa sekunde kadhaa, legeza, kaza tena. Presha haishuki kwa ghafla. Kama tatizo lako ni moyo kwenda mbio, vuta pumzi kwa pua na uitoe polepole kuliko ulivyoivuta. Kutoa pumzi taratibu hupunguza mwendo wa moyo, na jambo hilo unaweza kulifanya hata mdomo ukiwa wazi.

Kuna dakika moja inayowatisha wengi bila sababu. Mara nyingi ganzi huchanganywa na adrenalini kidogo, ili mishipa ya damu ijikaze, dawa isiondoke haraka na damu isitoke nyingi. Mara baada ya sindano moyo unaweza kudunda kwa nguvu na mikono ikatetemeka kidogo. Wengi hudhani presha imepanda au dawa imewakataa. Hali hiyo hupita upesi, ila mwambie daktari unachokisikia. Na ile harufu ya chumba cha meno inayomfanya mtu mzima arudi utotoni? Ni ya yujenoli, kiini cha mafuta ya karafuu, kinachotumika kwenye baadhi ya dawa za kuzibia meno. Mtoto aliyewahi kupakwa mafuta ya karafuu kwenye jino linalouma anaibeba harufu hiyo pamoja na maumivu yake mpaka uzeeni.

Utawasikia pia wanaosema uking'olewa jino la juu utapofuka. Mshipa wa fahamu wa kuonea na ule wa meno ni mishipa miwili tofauti kabisa, kila mmoja una njia yake kutoka kwenye ubongo. Mtu anayepoteza uwezo wa kuona uzeeni mara nyingi ana mtoto wa jicho, au presha ya jicho, au kisukari, na anahitaji daktari wa macho.

Jino likishatoka, kinacholinda shimo ni bonge la damu iliyoganda. Ng'ata pamba uliyopewa kwa nusu saa bila kuchungulia. Siku hiyo usisukutue, usiteme teme mate, usivute sigara, na usinywe dafu kwa mrija, kwa maana kule kufyonza huling'oa lile bonge. Uji uwe umepoa. Kesho yake ndipo uanze kusukutua taratibu kwa maji ya vuguvugu, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi. Maumivu ya siku ya kwanza na ya pili hupungua kila saa. Yakirudi kwa nguvu kati ya siku ya 3 na ya 5, na harufu mbaya mdomoni, huenda shimo limekauka, yaani lile bonge la damu limetoka na mfupa umebaki wazi. Rudi hospitali, hutibika kwa kusafishwa na kuwekewa dawa.

Sasa meno bandia. Hapa hofu hubadilika sura: mtu haogopi tena kuumia, anaogopa kuonekana, anaogopa yatamponyoka mbele za watu msibani au kwenye harusi. Nalo lina maelezo yake.

Kwanza, si kila hospitali inayong'oa meno hutengeneza meno bandia, kwa hiyo uliza kabla ya kupanda gari kutoka Tandahimba au Nachingwea. Pili, ukiambiwa usubiri wiki kadhaa au miezi baada ya kung'oa, si uzembe. Mfupa wa taya ukikosa mzizi wa jino hunywea, na hunywea kwa kasi zaidi katika miezi ya mwanzo. Meno yaliyotengenezwa siku ya kung'oa yanawezekana, lakini yatalegea na kuhitaji kurekebishwa mapema.

Siku ya kuchukua kipimo, sahani yenye uji mzito huwekwa mdomoni mpaka ugande, na wengi hushikwa na kichefuchefu. Unga wake hutokana na mwani wa kahawia wa baharini, ambao si ule mwekundu wanaolima akina mama wa Kilwa na Mtwara, lakini wote ni majani ya bahari na haudhuru. Omba ukae wima, inamisha kichwa mbele badala ya kukilaza nyuma, pumua kwa pua tu, na uchezeshe vidole vya miguu. Ubongo ukipewa kazi ya miguuni hupunguza kuishughulikia koo. Ni dakika chache tu.

Itakuja siku ya kujaribu meno yakiwa bado kwenye nta. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku muhimu kuliko zote, na wengi huipitisha kwa kutikisa kichwa tu kwa heshima. Usifanye hivyo. Nenda na binti yako au dada yako anayekujua, chukua picha yako ya zamani ukicheka, jitazame kwenye kioo, hesabu kwa sauti "sita, saba, thelathini". Kama meno ni makubwa mno au meupe mno, sema wakati huo. Yakishakuwa plastiki ngumu, kubadilisha ni shida.

Siku za mwanzo mdomo utajaa mate. Ubongo umeona kitu kigeni ndani ya mdomo na ukakidhania chakula. Baada ya siku kadhaa utazoea na mate yatapungua. Sauti za s, z, th na dh zitateleza, maana ulimi unatafuta mahali ulipozoea kugusa. Mwalimu wa madrasa ataliona hili mapema kuliko wote, kwa kuwa kazi yake ni kutoa kila herufi mahali pake. Dawa yake ni kusoma kwa sauti nyumbani kila siku, polepole, na ulimi hujifunza upya.

Kwa nini ya juu hushika na ya chini hucheza? Chukua vipande viwili vya kioo, weka tone la maji katikati, jaribu kuvitenganisha kwa kuvivuta. Mate kati ya kaakaa na plastiki hufanya kazi hiyo hiyo. Chini hakuna kaakaa, nafasi ni nyembamba, na ulimi unasukuma muda wote. Kwa hiyo ya chini ikikusumbua zaidi, usidhani umetengenezewa vibaya. Itachukua muda zaidi, na midomo na mashavu yako yatajifunza kuishikilia.

Nguvu ya kutafuna kwa meno bandia ya mdomo mzima ni kama robo ya ile ya meno ya kuzaliwa. Anza na ugali laini na samaki asiye na miiba, au ming'oko, vile viazi vya porini, iliyoiva vizuri. Kata vipande vidogo na utafune pande zote mbili kwa wakati mmoja, maana ukitafuna upande mmoja upande wa pili hunyanyuka. Embe na muhindi wa kuchoma usiviume kwa meno ya mbele. Pweza angoje. Korosho, ambayo kwetu kuikosa ni kama adhabu, itwange na uile kwenye mchuzi mpaka fizi zizoee.

Yatakuchubua mahali fulani, karibu kila mtu huchubuka. Usichukue kisu wala tupa. Yavue, sukutua kwa maji ya chumvi, rudi kwa daktari, na siku hiyo yavae tena kwa saa chache kabla ya kwenda ili alama ya kidonda ionekane na ajue pa kupunguza. Usiku yavue, yaloweke kwenye maji baridi, kwa sababu maji ya moto huyapinda, na yasafishe kwa brashi na sabuni juu ya beseni lenye maji ili yakianguka yasivunjike.

Miaka ikipita yatalegea hata kama unayatunza, kwa kuwa mfupa unaendelea kunywea, na taya la chini hunywea haraka kuliko la juu. Yanaweza kujazwa upya kwa ndani yakakaa vizuri tena. Na kidonda chochote mdomoni ambacho hakijapona ndani ya wiki 2 baada ya kuyavua, kionwe na daktari, hata kama hakiumi.