Kriketi ya testi uwanjani: yanayosemwa na yalivyo

Mtu aliyezoea CCM Kirumba ya Mwanza, ambako dakika 90 za soka zinatosha kumaliza ubishi, hucheka akisikia testi, mechi ya kriketi ya siku tano. Kucheka si vibaya, ila mengi yanayosemwa kuhusu mechi hizo si kweli.

"Ukivuka Ziwa Victoria tu unaiona." Entebbe kuna uwanja wa kriketi karibu kabisa na maji, lakini Uganda haina hadhi ya kucheza testi. Hata Kenya, iliyofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003, haijawahi kuipata. Kwa Afrika nzima ni Zimbabwe na Afrika Kusini tu.

"Lazima ukae siku zote tano." Tiketi hununuliwa hata za siku moja moja. Siku moja ina ova 90, kila ova ikiwa zamu ya mrushaji mmoja kumrushia mpigaji mipira sita halali, katika vipindi vitatu vya saa mbili mbili. Mchezo ukianza saa 4:00 asubuhi, chakula ni saa 6:00 kwa dakika 40, chai saa 8:40 kwa dakika 20, na kufunga saa 11:00 jioni. Ova zikichelewa, huongezwa hadi nusu saa. Siku tano zenyewe ni kikomo tu: Januari 2024, mjini Cape Town, India iliifunga Afrika Kusini ndani ya siku mbili, mipira 642 basi. Mwenye hela ya tiketi moja achukue ya siku ya pili. Ya tano ni kamari.

"Ondoka mapema uwahi usafiri." Hapa ndipo wengi hupunjika. Mpira ukishatumika ova 80, timu inayorusha ina haki ya kudai mpya. Mpya ni mgumu, unang'aa, unapinda hewani na kudunda juu zaidi. Timu moja ikipiga tangu asubuhi, haki hiyo huja zikiwa zimebaki ova kumi, wakati wapigaji wamechoka na wewe uko getini.

"Unaweza kuzunguka upendavyo." Ukikaa ubavuni, sawa. Nyuma ya mrushaji, hapana. Mpira huweza kuja kwa zaidi ya kilomita 140 kwa saa, na mpigaji anauchungulia ukitoka mkononi mbele ya ubao mkubwa mweupe. Ukikatiza hapo, mpigaji anasogea kando, mrushaji anasimama, na uwanja mzima unakugeukia. Subiri ova iishe. Upande wa pili nao hauko huru, kwa sababu ova hurushwa kwa kupokezana kutoka ncha zote mbili. Usumbufu huo una faida yake: nyuma ya mrushaji unaona mpira ukipinda, jambo ambalo ubavuni hulioni. Beba darubini, maana ukingo wa uwanja huweza kuwa mita 80 kutoka katikati.

"Sare ni sare." Zipo mbili. Timu zikilingana mikimbio, yaani pointi, na wapigaji wa timu ya mwisho kupiga wakatolewa wote, hiyo ni sare ya adimu: tangu 1877 zimetokea mbili tu, Brisbane 1960 na Madras 1986. Ya kawaida ni muda kuisha kabla ya mshindi kupatikana, na aliyezidiwa huipigania hadi mpira wa mwisho. Machi 1939, huko Durban, Afrika Kusini na Uingereza waliondoa kikomo cha siku ili mshindi apatikane kwa vyovyote. Hakupatikana. Waingereza walikuwa wanawahi meli.

"Mvua ikikatika wanarudi." Wanarudi ardhi ikikauka na mwanga ukitosha. Mpira mwekundu hauonekani vizuri chini ya taa, hivyo waamuzi hupima mwanga kwa kifaa na wanaweza kusimamisha mchezo bila tone la mvua.

"Mtangazaji atanieleza." Uwanjani matangazo ya televisheni huyasikii, chukua redio ndogo na visikilizio. Ubao ukiandika 212/4, ni mikimbio 212 na wapigaji wanne wametoka. Australia huandika kinyume, 4/212.