Je, wajua kwa nini hondohondo jike hujifungia ndani ya mti?

Kwa sababu ya maadui. Yai ndani ya tundu lililo wazi hufikiwa na nyoka au tumbili. Mlango ukizibwa ukabaki ufa mwembamba, kinachopita ni ncha ya mdomo tu.

Chukua hondohondo mwenye mashavu ya rangi ya fedha, ndege wa misitu ya kuanzia Ethiopia hadi Msumbiji, Usambara ikiwemo. Ni mweusi, tumbo la chini na kiuno ni vyeupe. Dume hujulikana kwa pembe kubwa ya rangi ya maziwa juu ya mdomo; ya jike ni ndogo. Pembe hiyo haimwelemei, maana ndani ina uwazi. Akiruka utamsikia kabla hujamwona: mashina ya manyoya yake ya kurukia hayajafunikwa kwa chini, hivyo hewa hupita katikati kwa kishindo.

Kazi ya ukuta huanza kwa dume kumeza udongo. Huuchanganya na mate kooni, akacheua vitonge, na jike akiwa ndani huvipokea na kukandika. Udongo ukikauka huwa mgumu kweli. Kinyesi jike hukirusha nje kupitia ufa uleule, la sivyo tundu lingeoza.

Hutaga yai moja au mawili na kuatamia siku 40 hivi, kisha kinda huhitaji takribani siku 80 kabla ya kuruka. Muda huo wote jike hatoki; yeye na kinda hutoka pamoja. Mlishaji ni dume peke yake. Dume mmoja aliyefuatiliwa kwa siku 120 alikadiriwa kuleta matunda 24,000 katika safari 1,600, yaani kama matunda 15 kila safari. Huyabeba kooni na kuyacheua moja moja, hasa tini za mwituni. Mbegu kubwa hutemwa zikiwa nzima, nyingine mbali na mti mama, na huota.

Hatari iko hapohapo penye usalama. Dume akiuawa, chakula hukatika, na kinda hana namna ya kuishi. Tena hondohondo hawezi kujichongea tundu kama kigogota. Hutegemea lililojifanya lenyewe katika mti mnene, mzee. Msitu unaokatwa miti ya namna hiyo unaweza kubaki na matunda tele, lakini hondohondo hawatazaliana humo.