Minoksidili na shampuu za dawa: zinafanya nini hasa kwa nywele zinazonyonyoka

Minoksidili ni dawa ya kupaka kichwani, kazi yake kuamsha mizizi ya nywele iliyochoka lakini haijafa. Sio mafuta, sio lishe ya nywele, ni dawa kabisa kama zilivyo dawa za presha, na ukweli ni kwamba ilianzia hukohuko kwenye presha. Kampuni ya Upjohn ya Marekani ndo iliitengeneza, kikatoka kidonge cha presha kinaitwa Loniten kikaruhusiwa mwaka 1979, sasa wagonjwa waliokuwa wanakimeza wakawa wanaota nywele sehemu ambazo hawakuomba, usoni, mikononi, mgongoni, watu wakaona kumbe hii kitu tukiipaka kwenye kipara inaweza ikafanya jambo. Mwaka 1988 ikapitishwa ya kupaka ya asilimia 2 kwa jina la Rogaine (nchi nyingine inaandikwa Regaine), ya asilimia 5 ikaja baadae, halafu 2006 ikatoka ya povu.

Ili uelewe inafanyaje kazi inabidi ujue nywele zinaishi kwa zamu. Unywele mmoja unakua miaka kama miwili mpaka sita, unaingia kipindi kifupi cha kusimama, unapumzika kama miezi mitatu hivi, unadondoka, mzizi unaanza upya. Kichwa kina nywele kama 100,000 na kila mmoja uko kwenye zamu yake, ndo maana kupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku ni kawaida tu, sio ugonjwa. Hapa akina dada tunatishana sana: umesuka rasta wiki sita, siku ya kufumua unakuta bonge la nywele mkononi unaanza kulia, wakati piga hesabu, siku 42 mara nywele 50 tu kwa siku ni nywele 2,100 zilizokuwa zimeshadondoka zikabaki zimenaswa kwenye misuko. Cha kuangalia ni kama unywele una kile kinundu cheupe upande mmoja. Kama kipo, umetoka na mzizi wake. Kama hakipo na ni kipande kifupi, huo umekatika, na nywele zinazokatika kwa sababu ya dawa ya kulainisha au draya ya moto sana hata upake minoksidili ndoo nzima haitasaidia, tatizo liko kwenye unywele wenyewe sio kwenye mzizi.

Minoksidili inafupisha ule muda wa kupumzika na kurefusha muda wa kukua, na nywele zilizokuwa zimebaki nyembamba kama manyoya zinaanza kunenepa. Lakini dawa yenyewe ikifika kichwani haifanyi kazi moja kwa moja, kuna kimeng'enya kwenye mizizi kinachoibadilisha kwanza, na watu wengine wanacho kidogo sana. Kwa hiyo shoga yako ikimkubali na wewe ikakukataa, sio lazima umeuziwa feki (ingawa feki zipo, na dawa ya hivi inunuliwe famasi sio kwenye meza ya vipodozi).

Dozi ya kawaida ya maji ni mililita moja asubuhi na mililita moja usiku, kwenye ngozi kavu, sio kwenye nywele. Povu ni nusu ya mfuniko, mwanamke mara moja kwa siku, mwanaume mara mbili. Ukipaka usioshe kichwa kwa masaa manne hivi, na nawa mikono maana ikigusa usoni mara kwa mara utaota ndevu ambazo hukuzipanga. Kuzidisha hakuharakishi chochote, inachofanya ni kuingia kwa wingi kwenye damu, unaanza kusikia moyo unaenda mbio, kizunguzungu, miguu kuvimba, na kumbuka hii kwa asili ni dawa ya presha, mwenye shida ya moyo aongee na daktari kwanza. Mjamzito na anayenyonyesha wasiguse. Wenye paka ndani pia wawe makini, minoksidili ni sumu kali kwa paka hata kidogo tu aliyolamba kwenye mto.

Kinachofanya wengi waache ni wiki za mwanzo. Kuanzia kama wiki ya pili mpaka ya nane hivi, nywele zinaweza kunyonyoka zaidi kuliko kabla hujaanza, mtu anapaniki anatupa chupa. Kumbe ni zile za zamani zilizokuwa zinapumzika zinasukumwa nje mizizi ianze zamu mpya. Matokeo unaanza kuyaona kama mwezi wa nne, kuhukumu vizuri subiri mwaka, na piga picha sehemu moja mwanga uleule kila mwezi maana kioo kinadanganya sana. Na hii ni kama LUKU, ukiacha kununua umeme unakatika: ukiacha kupaka, ndani ya miezi michache zile nywele ilizokuwa inazishikilia zinaondoka. Kwa hiyo kabla ya kununua chupa ya kwanza jiulize kama utaweza kununua ya ishirini.

Kwa wanaume wenye kipara cha urithi, kile cha kuanzia kwenye kona za paji la uso na utosini, kuna homoni inaitwa DHT inayobana mizizi taratibu, na minoksidili haiigusi kabisa hiyo homoni. Ndo maana madaktari wengi wanaongeza finasteridi, kidonge cha miligramu 1 kilichopitishwa Marekani mwaka 1997, ambacho hicho ndo kinapunguza DHT. Hicho ni cha kuandikiwa, kina maudhi yake hasa upande wa chumbani, na mwanamke mwenye mimba hatakiwi hata kushika kidonge kilichovunjika.

Sasa shampuu. Shampuu inakaa kichwani dakika chache inasuuzwa, kwa hiyo ile inayoandikwa "inaotesha nywele ndani ya siku 7" ni biashara tu, na bayotini (aina ya vitamini) ndani ya shampuu inaishia kwenye bomba la maji machafu. Lakini kuna shampuu zenye kazi ya kweli, na kazi yenyewe ni kutibu ngozi ya kichwa. Ya ketokonazoli asilimia 2, wengi wanaijua kwa jina la Nizoral, inaua fangasi anaitwa Malassezia anayeleta mba na muwasho. Ukiwashwa unajikuna, ukijikuna unavunja nywele na ngozi inapata uvimbe, na ngozi yenye uvimbe inamwaga nywele. Kuna utafiti mdogo wa Ubelgiji wa mwaka 1998 ulioona kwamba nywele za wanaume wenye kipara waliotumia ketokonazoli zilinenepa kidogo, inatia moyo lakini ni mdogo, kwa hiyo ichukulie kama msaidizi tu. Zenye zinki pirithioni au seleniamu salfaidi nazo zinafaa kwa mba.

Hapa naomba niwe mkali kidogo kuhusu mafuta. Mtu akiona kichwa kina unga mweupe anasema kimekauka, anapakaza mgando wa mafuta mazito mpaka kwenye ngozi, wakati huyo Malassezia chakula chake ni mafutamafuta. Unamlisha. Mba inazidi, unaongeza mafuta, mwisho wa mwezi kichwa kinanuka na hata minoksidili ukiipaka juu ya hiyo tabaka haipenyi. Kama ni mba, mafuta yakae kwenye nywele na ncha zake, ngozi iachwe ipumue.

Utaratibu wenyewe wala sio mgumu. Osha kwanza na shampuu ya kawaida kutoa jasho na mafuta, halafu ya dawa ipake kwenye ngozi, kanda kwa ncha za vidole sio kucha, iache dakika tatu mpaka tano (hapo ndo wengi wanakosea, wanaipaka na kuisuuza hapohapo), suuza, weka kondishena kwenye nywele. Maelekezo ya kopo yanasema mara mbili kwa wiki kwa wiki mbili mpaka nne, ila kwa nywele zetu za kipilipili inakausha vibaya, mara moja kwa wiki inatosha wengi. Aliyesuka anaweza kutumia chupa yenye mdomo mwembamba kupitisha kwenye mistari, shida ni kukauka, kama unalala na misuko mbichi unamrudishia fangasi nyumba yake. Minoksidili inafuata kichwa kikishakauka kabisa. Ikikuwasha sana au ngozi ikababuka, mara nyingi mkosaji ni propilini glaikoli, kile kimiminika cha kuyeyushia dawa kilichoko kwenye ile ya maji, ya povu haina, jaribu hiyo.

Kwa wanawake wengi wa kwetu lakini chanzo sio homoni, ni kuvutwa. Nywele za pembeni na za mbele zinaondoka kwa kusukwa kwa kukazwa mpaka macho yanapanda juu, wigi la gundi, viwiving vizito. Mara nyingi kwenye mstari wa mbele kabisa unabaki uzi wa nywele fupi nyembamba na nyuma yake ndo peupe, hiyo ni dalili ya kuvutwa kabisa. Ukiwahi ukaacha kukaza, zinarudi, na minoksidili inaweza kusaidia. Ukichelewa mpaka ngozi inang'aa laini bila vitundu, hapo pameshakuwa kovu na hamna cha kuamsha. Vivyo hivyo upara unaoanzia utosini na kusambaa kama duara, wenye kuuma au kuwaka moto, huo usikae nao nyumbani unajaribu chupa, unaacha makovu na kila mwezi ni nywele ambazo hazirudi, nenda kwa daktari wa ngozi, hospitali ya Muhimbili Dar es Salaam wapo, hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo kizima cha kufundisha madaktari wa ngozi.

Aliyejifungua miezi mitatu iliyopita na nywele zinatoka kwa mafungu, au aliyetoka kuumwa taifodi au homa kali, huyo mizizi yake mingi imeingia mapumziko kwa pamoja, na kwa kawaida inajirudi yenyewe ndani ya miezi kadhaa bila kupaka kitu. Isiporudi, pima wingi wa damu, madini ya chuma na tezi ya shingo.

Na mtoto mwenye mabaka ya duara yenye magamba ana mapunye, Kenya wanaita mashilingi. Shampuu ya dawa itapunguza tu kuwaambukiza wenzake shuleni, kupona kwenyewe ni kwa dawa ya kumeza kama grisofulvini kwa wiki sita mpaka nane au zaidi, na chanuo la nyumba nzima litenganishwe.