"Lead" ya bomba si "lead" ya kiongozi

Mwaka 2016 nilikuwa nasoma habari za Kiingereza redioni, na habari kubwa siku hiyo ilikuwa ya maji ya Flint, mji ulioko jimbo la Michigan nchini Marekani. Mwaka 2014 mji huo ulibadili chanzo cha maji ukaanza kutumia ya mtoni, nayo yakawa yanakula mabomba ya zamani na kupeleka madini ya risasi majumbani. Karatasi yangu ilisema "lead in the water". Nikasoma "liid", tena kwa sauti ya kujiamini. Mhariri wangu, mtu mzima asiye na papara, alisubiri taarifa iishe ndipo akasema: "Mdogo wangu, leo umewanywesha watu uongozi."

Madini hayo hutamkwa "led", sawa na "red". Kuongoza ndiko "liid".

Siku hizi nafundisha wasomaji wa habari, na kosa lile nalisikia kila mwaka. Silishangai. Sisi tumelelewa na lugha ambayo herufi ikisema jambo, imesema. Hata Kiswahili kina "barabara": ya magari mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, na ile ya "sawasawa" mkazo unarudi nyuma zaidi. Lakini maneno ya namna hiyo kwetu ni ya kutafuta kwa tochi. Kwenye Kiingereza yanakungoja kila ukurasa.

Sababu ni ya kihistoria. William Caxton alipofungua kiwanda chake cha uchapaji Westminster mwaka 1476, irabu za Kiingereza zilikuwa zinahama, yaani matamshi yake yalikuwa yanabadilika. Ziliendelea kuhama kwa vizazi kadhaa, huku tahajia ikizidi kuganda. Hivyo maneno yasiyo na udugu wowote yakajikuta yamevaa shati moja: "tear" ya chozi na "tear" ya kuchana zina asili tofauti kabisa. Mengine yalihama baadaye. "Wind" ya upepo leo ni fupi, lakini kwa Shakespeare inafanya vina na "unkind", yaani ilitamkika kama ile ya kuzungusha kamba.

Kuna kundi ambalo wanafunzi wangu hawalitilii maanani, nalo ndilo nilipendalo. "House" ikiwa nyumba, inaishia na s. Ikiwa kitenzi, kumpa mtu makazi, inaishia na z. Zamani kitenzi kilikuwa na kiambishi mwishoni, kwa hiyo ile s ilibanwa kati ya irabu mbili ikageuka z. Kiambishi kikafa, z ikabaki. "Use" na "excuse" hufuata mkondo huohuo.

Panapotuumiza zaidi ni mkazo. "Record", "object", "permit", "present": nomino hukazwa mwanzoni, kitenzi mwishoni. Mswahili, kwa mazoea ya silabi ya pili kutoka mwisho, hukaza zote mwanzoni. Basi anaposoma "The minister will present the budget", sikio la Mwingereza husikia zawadi imeingia bungeni. Ila usiigeuze kanuni hiyo kuwa sheria ya nchi. Nina wanafunzi wakishaijua tu, wanaanza kukaza "report" mwanzoni, wakati neno hilo halibadiliki, liwe nomino au kitenzi.

Dawa ninayowapa ni jicho kutangulia mdomo kwa maneno matatu au manne. Ukiona "minute", usitamke kwanza; tazama kinachofuata. "Minute amounts" si dakika, ni viwango vidogo sana, na hutamkwa "mainyuut". Kalamu nayo isikae mbali: juu ya "lead" ya madini, andika "led" kwa mkono.

Lakini "read" imenishinda kuifundisha. Ya leo ni "riid", ya jana ni "red", herufi zilezile. Ukipata "she reads" umepona, na "yesterday" ikiwepo umepona pia. Taarifa inayoanza "They read the letters" bila kutaja wakati haina tiba. Hapo nanyanyua simu na kumuuliza aliyeiandika.