Je, wajua taa inavyoweza "kusimamisha" mota inayozunguka?

Tazama feni ya dari ikiwa kwenye mwendo wa juu. Mapanga huyaoni, unaona duara la ukungu tu. Sasa fanya chumba kiwe giza, uwashe taa inayomweka mara moja katika kila mzunguko. Kila inapomweka, panga limerudi palepale. Macho yatakuapia kwamba feni imesimama. Usithubutu kuingiza kidole.

Ujanja huo ni wa zamani. Mwaka 1832, Joseph Plateau wa Ubelgiji na Simon Stampfer wa Austria, kila mmoja kivyake, walitumia visahani vinavyozunguka vyenye mianya, ili jicho lione kitu kwa vipindi vifupi tu. Shida ni kwamba mwanya mwembamba hupitisha mwanga kiduchu. Mwaka 1851 Mwingereza Talbot alibandika karatasi ya gazeti kwenye gurudumu, akalizungusha, akaipiga picha kwa cheche ya umeme, na maandishi yakasomeka. Lakini hiyo ni cheche moja. Kuirudia mara 30 kwa sekunde, bila kukosea hatua, kulihitaji saketi.

Aliyeitengeneza vizuri ni Harold Edgerton, mhandisi wa chuo cha teknolojia cha MIT nchini Marekani. Alikuwa akichunguza mota kubwa za umeme, akaona kwamba vali za zebaki zilizomweka maabarani ziliifanya rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, ionekane imetulia. Kufikia 1931 alikuwa na stroboskopu yake, yaani taa inayomweka kwa kasi unayoipanga.

Siri yake ni kama ya bomba la mtaani linalotoa maji kwa kudondoka: unakinga ndoo kwa subira, kisha unaimwaga yote kwa mkupuo. Ndoo hapa ni kapasita, kifaa cha kuhifadhi umeme. Umeme huingia polepole kupitia kizuizi. Tyubu yenye mvuke wa zebaki imeunganishwa nayo, lakini haipitishi kitu mpaka ipigwe mshtuo mdogo wa kuiamsha. Hapo gesi inageuka njia ya umeme, na kapasita inajimwaga.

Kapasita ya maikrofaradi 4 iliyojazwa hadi volti 1,000 ina jouli 2, yaani nguvu ya kuinua kilo ya sukari sentimita 20 tu. Imwage kwa sehemu 10 za milioni za sekunde, unapata wati 200,000. Mwanga mkali hivyo, bila bili ya kutisha!

Kazi ngumu ilikuwa kuizima tyubu. Umeme ukiingia haraka mno, tyubu haipati nafasi ya kupoa na inabaki inawaka mfululizo, picha zote zinavurugika. Baadaye gesi ya zenoni, yenye mwanga mweupe zaidi, ilichukua nafasi ya zebaki.

Mafundi huitumia stroboskopu kupima mwendo wa mota: chora alama moja ya chaki kwenye shafti, anza na mmweko wa kasi kupita kiasi, ushuke taratibu. Ukiona alama mbili, bado uko juu. Pale inapotulia alama moja kwa mara ya kwanza, ndiyo namba yako. Ukishuka hadi nusu yake utaiona moja tena, na wengi wamedanganyika hapo.