Jinsi Vichochezi vya Ukuaji Vinavyoujenga na Kuuunga Mfupa

Mfupa uliovunjika ukiunga vizuri hauachi kovu kama linavyoachwa na jeraha la ngozi, bali hurudi kuwa mfupa halisi. Kazi hiyo husimamiwa kwa sehemu kubwa na protini ziitwazo vichochezi vya ukuaji, ambazo kiasi kidogo sana kikinasa kwenye vipokezi vya seli huifanya seli igawanyike, ihame au igeuke kuwa ya aina nyingine.

Mfupa unapovunjika, damu huvuja na kuganda papo hapo. Chembe sahani zilizomo katika damu hiyo hutoa vichochezi kadhaa, vikiwemo PDGF na TGF-beta, vinavyoita seli za kinga pamoja na seli shina kutoka kwenye uboho na kwenye utando unaoufunika mfupa. Seli shina zikishafika, protini za kundi la BMP huzielekeza ziwe seli za gegedu, yaani tishu ngumu kiasi inayopindika kama ya sikio, au seli za kujenga mfupa. Kwa kawaida gegedu hutangulia kuziba pengo, kisha kichochezi cha VEGF huotesha ndani yake mishipa midogo ya damu, ambayo ikikosekana gegedu haigeuki kuwa mfupa mgumu. Hapo ndipo uvutaji wa sigara unapodhuru, kwa kuwa nikotini hubana mishipa ya damu, na ndiyo maana madaktari husisitiza sana mgonjwa aache kuvuta hadi mfupa uunge.

Baada ya hapo mfupa mpya huchongwa upya kwa miezi, pengine miaka. Mfupa wenyewe, jambo ambalo wengi hawalitarajii, ni ghala la vichochezi: TGF-beta na IGF huhifadhiwa ndani ya madini yake, na seli zinazomumunya mfupa zikilibomoa eneo fulani huvifungulia, navyo huita seli za kujenga mahali palepale.

Mwaka 1965 Marshall Urist, daktari wa mifupa wa Marekani, alionyesha kwamba mfupa ulioondolewa madini, ukipandikizwa ndani ya msuli wa mnyama, huotesha mfupa mpya hata mahali pasipostahili kuwa na mfupa. Protini zilizohusika ndizo BMP, na mwaka 2002 BMP-2 iliyotengenezwa maabara iliidhinishwa nchini Marekani kwa upasuaji wa kuunganisha pingili za uti wa mgongo. Hata hivyo, dozi yake hupimwa kwa miligramu, kiasi kinachozidi mno kile kilichomo kwenye mfupa wa kawaida, na mwaka 2008 mamlaka ya dawa ya huko ilitoa onyo baada ya baadhi ya wagonjwa waliowekewa shingoni kuvimba hadi kupata shida ya kupumua.

Mwili wenyewe huzuia hatari ya BMP kuzidi kiasi kwa protini pinzani, kama noggin, ambayo huinasa BMP kabla haijafika kwenye kipokezi. Katika ugonjwa adimu wa kurithi uitwao FOP, kipokezi kimojawapo cha BMP huwa na kasoro inayokifanya kifanye kazi kupita kiasi, na misuli ya mgonjwa hugeuka mfupa taratibu, mara nyingi baada ya jeraha dogo tu au hata sindano ya msuli.